Kabla Greda Haijafika: Uchunguzi wa Mambo ya Kale Kwenye Njia ya Barabara na Madaraja

Barabara nzuri ni habari njema Mukurwe-ini. Mfugaji wa Gakindu anayepeleka maziwa alfajiri wakati wa mvua ndefu anajua hasara ya tope kuliko mhandisi yeyote, na somo hili halikuandikwa kupinga barabara yake. Linahusu hatua moja inayopaswa kufanyika kabla ya barabara kupanuliwa au daraja kujengwa, ambayo wananchi wengi hawaijui kwa jina. Kundi dogo la watu hupita njia nzima kwa miguu, wakiinama, wakiokota, wakiandika kwenye daftari, na kuuliza maswali ambayo huonekana hayana uhusiano wowote na lami. Watu huwadhani ni wapimaji wa ardhi. Wengine husema wanatafuta madini. Hao ni wanaakiolojia, na wanachotafuta ni dalili za watu walioishi, waliofanya kazi au waliozikwa pale kabla yetu.

Jambo la kushika ni hili. Katika migongo ya vilima vyetu, kuanzia Gakindu na Othaya hadi Mathira, mwanaakiolojia huona kidogo sana juu ya ardhi. Sehemu kubwa ya yale anayohitaji kujua kwa wakati imo vichwani mwa wenyeji. Wenyeji wakisema mapema, mstari wa barabara unaweza kusogezwa mita chache, au vilivyo ardhini vikafukuliwa kwa utaratibu. Wakisema baada ya tingatinga kupita, hakuna tena cha kuchunguza.

Kwa nini kabla ya kazi, si wakati wa kazi

Chukua kigae cha chungu kilichookotwa kando ya mto. Peke yake ni kipande cha udongo uliochomwa. Lakini kikipatikana katika tabaka moja na mkaa wa meko, mfupa wa mbuzi na taka za chuma, kinaanza kueleza mambo: watu hawa walifuga, walipika, walifua chuma, na mkaa wao unaweza kupimwa katika maabara ijulikane ni wa karne gani. Thamani iko katika mahali kilipolala na vitu vilivyolala pamoja nacho. Mtu aliyewahi kuhudhuria kesi mahakamani anaelewa: panga lililookotwa, likaoshwa na kupita mikono kumi, halimsaidii hakimu sana, hata kama ndilo lenyewe. Tingatinga hufanya hivyo kwa ekari nzima ndani ya asubuhi moja.

Mfano ulio wazi zaidi katika Afrika Mashariki haukutokea barabarani, bali kwenye uwanja wa ujenzi huko Laetoli, kaskazini mwa Tanzania. Mwaka 1978 kikosi cha Mary Leakey kilipata hapo nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano miaka milioni 3.66 iliyopita. Zaidi ya miaka 35 baadaye kukawa na mpango wa kujenga makumbusho karibu na hapo. Kabla ya msingi kuchimbwa, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwemo Fidelis Masao na Elgidius Ichumbaki, walichimba mashimo ya majaribio 62, kila moja mita 2 kwa 2, ili kupima jengo lingeathiri nini. Wakakuta nyayo nyingine, karibu mita 150 kusini mwa zile za kwanza, za umri uleule. Habari hiyo ilitangazwa kwa ulimwengu Desemba 2016. Zilipatikana kwa sababu mtu aliuliza swali kabla ya kumwaga saruji.

Kwa kazi ndefu zinazofuata mstari, kama barabara, mfano mzuri ni bomba la mafuta la kilomita 1,070 kutoka Chad hadi pwani ya Kamerun. Wanaakiolojia waliufuata mstari huo tangu mwaka 1999 hadi 2004 na kuandikisha maeneo ya kale zaidi ya 400, mengi katika nchi ambazo hazikuwa zimechunguzwa kabisa. Bomba halikusimamishwa. Lilikamilika na mafuta yakapita. Nalitaja kwa sababu hofu ya kwanza ya mwananchi akisikia neno akiolojia ni kwamba mradi utakwama. Kwa kawaida mradi hukwama pale uchunguzi ulipokosa kufanyika, kisha kitu kikajitokeza katikati ya kazi huku mitambo ya kukodi ikisubiri na kila siku ikilipiwa.

Wengi wetu tunakumbuka mugumo wa Westlands, Nairobi. Mwaka 2020, mti huo wenye zaidi ya miaka 100, uliosimama kando ya Waiyaki Way, ulikuwa umepangiwa kung'olewa ili kupisha barabara ya juu ya kulipia. Watu walipiga kelele, na Novemba mwaka huo Rais Uhuru Kenyatta akatoa amri mti ulindwe. Ukabaki. Sisi wa nchi hii ya Mlima hatuhitaji kuelezwa maana ya mugumo. Lakini tazama hali yenyewe: mti mrefu kama jengo la ghorofa, unaoonekana na kila anayepita, ulifikia hatua ya kuokolewa na amri ya Rais, dakika za mwisho. Chungu kilichofukiwa mita moja chini ya shamba la kahawa hakitapata mtu wa kukipigia kelele.

Kazi inavyofanywa

Uchunguzi huanza ofisini, kwa ramani za zamani, picha zilizopigwa kutoka angani wakati wa ukoloni, ripoti za watafiti waliotangulia, na majina ya mahali. Jina ni fununu. Gakindu yenyewe inabeba ndani yake mti wa mũkĩndũ, yaani mkindu, ambao hupenda bonde na maji. Jina halithibitishi kitu, ila linampa mtaalamu swali la kwanza la kumuuliza mzee: mkindu huo ulikuwa wapi, na watu walikuwa wakifanya nini hapo? Vivyo hivyo kwa mahali panapoitwa kwa jina la wahunzi, la soko lililokufa, au la kivuko ambacho hakuna anayekitumia tena.

Kisha hufuata kutembea. Kundi hujipanga mstari, mtu na mwenzake wakiachana kwa mita kadhaa, na kupita upana wote utakaochukuliwa na barabara. Macho yao yako mahali ambapo udongo umeshafunuliwa: kingo za barabara ya zamani, mitaro, kingo za mto, shimo la choo linalochimbwa, vichuguu vya mchwa, na vilima vidogo vya udongo anavyosukuma fuko. Mkulima humlaani fuko kwa kumlia viazi. Mwanaakiolojia humshukuru, maana humletea udongo wa chini bila malipo.

Pakiwa na dalili, huchimbwa mashimo ya majaribio, mara nyingi ya mita 1 kwa 1, udongo ukitolewa kwa tabaka za sentimita 10 hivi na kupitishwa kwenye chekeche. Kila tabaka huandikwa peke yake. Mwishoni hutoka ripoti inayosema palipatikana nini, pana uzito gani, na mkandarasi afanye nini: apakwepe, asubiri pachimbwe kwa utaratibu, au aendelee huku mtaalamu akisimama kando ya mtambo akitazama udongo unavyotoka.

Hapa kwetu kuna shida ambayo ripoti nyingi hazitamki waziwazi. Udongo wetu mwekundu ni wa kina kirefu. Miteremko ni mikali na mvua ni nyingi, kwa hiyo udongo wa juu huhama mwaka baada ya mwaka kwenda bondeni. Juu yake kuna majani chai, kahawa, nepia na migomba. Mtu anaweza kutembea kilomita 10 kutoka Gakindu bila kuona kipande cha ardhi tupu kinachofaa kuchunguzwa, isipokuwa kingo za barabara. Katika nchi kavu kama Turkana, upepo na mmomonyoko humfunulia mtafiti mifupa na mawe juu ya mchanga. Hapa mvua hufunika. Ndiyo maana ripoti ya eneo letu inaposema hakuna kilichoonekana, isomwe kama ilivyoandikwa: hakuna kilichoonekana. Haikusema hakuna kilichopo.

Madaraja yanahitaji uangalifu zaidi kuliko barabara yenyewe, na kwa maoni yangu ndiyo yanayopewa uangalifu mdogo zaidi, kwa kuwa daraja dogo huchukua eneo dogo kwenye ramani. Kwanza, watu hawavuki mto popote. Huvuka pale kingo zinapokuwa chini na maji yasipokuwa na nguvu, na mto wenye kasi kama Gura hauna mahali pengi pa namna hiyo. Mhandisi wa leo anayetafuta mahali pazuri pa nguzo anaweza kufika palepale ambapo wafanyabiashara na wafugaji wa karne zilizopita walivukia. Pili, udongo ulioshuka kutoka miteremkoni umekusanyika bondeni na kufunika vilivyokuwepo, hivyo vitu huwa vimehifadhiwa vizuri na havionekani kabisa. Tatu, msingi wa daraja huenda chini sana. Barabara inaweza kupita juu ya kitu cha kale bila kukigusa ikiwa imejazwa udongo juu. Nguzo ya daraja haina njia hiyo.

Kisha kuna mambo ya pembeni: machimbo ya muramu, kambi ya mkandarasi, njia za mchepuko, na mahali pa kutupa udongo uliozidi. Hayo mara nyingi huamuliwa baada ya ripoti kuu kuandikwa, kwa makubaliano na mwenye shamba, na huchimba kina kuliko barabara yenyewe. Ukisikia mkandarasi anatafuta kilima cha muramu karibu nanyi, hilo nalo ni swali la kuuliza: je, kilima hicho kimechunguzwa?

Kilichoko chini ya mashamba yetu

Kaunti yetu si ukurasa mtupu katika historia ya kale. Gatung'ang'a, hapa Nyeri, ilichimbwa na mtafiti kutoka Ufini, Ari Siiriäinen, ambaye mwaka 1971 alichapisha matokeo yake kuhusu makao ya watu wa Zama za Chuma. Vigae vya vyungu alivyopata viliibua maswali ya uhusiano na vile vya kale zaidi vinavyojulikana kwa jina la Kwale, kule pwani. Siiriäinen aliyaweka matokeo hayo katika mjadala ambao kila mzee wa Kikuyu anaujua kwa njia yake: Agumba walikuwa nani?

Masimulizi yanasema Agumba walikuwa watu wafupi walioishi katika mashimo yaliyoezekwa juu, na kwamba waliondoka, au waliingia katika koo za wenyeji wengine, Wakikuyu walipofyeka misitu na kulima. Mabonde madogo ya mviringo yaliyohusishwa nao yameonekana sehemu mbalimbali za nchi ya Mlima Kenya na Nyandarua. Wataalamu hawajakubaliana kama masimulizi na mashimo hayo yanazungumzia watu walewale. Swali hilo haliwezi kujibiwa kwa kubishana. Linajibiwa kwa shimo ambalo halijaguswa, lenye mkaa, vigae na mifupa mahali pake. Kila shimo la namna hiyo linalosawazishwa bila kuandikwa linapunguza uwezekano wa jibu, na kwa kuwa wakulima wameyajaza mengi kwa miaka 100 iliyopita, yaliyobaki yanahesabika.

Chuma nacho kina habari yake. Wahunzi wa Kikuyu hawakutegemea chuma cha kigeni. Waliosha mchanga mweusi wa mitoni, wakapata vumbi zito la madini, wakaliyeyusha kwa mkaa na mivukuto. Kazi hiyo ilielezwa kwa kirefu na William Scoresby Routledge na mkewe Katherine, walioishi nchi hii mwanzoni mwa karne iliyopita na kuchapisha kitabu chao mwaka 1910. Tanuri liliacha taka ngumu, nyeusi, nzito, zenye matundu, ambazo kwa Kiswahili huitwa mavi ya chuma. Haziozi. Mtoto anayezikuta kando ya kijito hudhani ni mawe yaliyoungua. Ukikuta nyingi mahali pamoja, hasa zikiwa na vipande vya udongo mwekundu uliochomwa, basi kuna uwezekano mkubwa umesimama karibu na mahali pa tanuri. Hiyo ndiyo aina ya habari ambayo mwanaakiolojia anayepita siku mbili hawezi kuipata bila wewe.

Mstari wa mwaka 1895

Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006 ndiyo inayolinda vitu hivi. Inataja vitu vya kale kuwa vile vilivyotengenezwa nchini au kuletwa nchini kabla ya mwaka 1895, pamoja na mabaki ya binadamu, wanyama na mimea ya umri huo. Vitu hivyo vikiwa bado ardhini ni mali ya serikali kwa niaba ya umma. Hakuna anayeruhusiwa kuchimba kuvitafuta bila leseni, hata katika shamba lake mwenyewe.

Sasa angalia mwaka huo kwa macho ya mtu wa Nyeri. Mambo mazito zaidi yaliyoipata kaunti hii, yale ambayo bado kuna watu hai wanaoyakumbuka, yalitokea baada ya mwaka 1895. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Kuanzia mwaka 1954 zaidi ya watu milioni 1 wa Mkoa wa Kati walihamishwa kwa nguvu na kuwekwa katika vijiji zaidi ya 800, kila kimoja kikiwa na mtaro wenye miti iliyochongwa, lango na kituo cha walinzi. Kandokando ya msitu wa Mlima Kenya wananchi walilazimishwa kuchimba mtaro wa maili 50 hivi ili kuwatenga wapiganaji na chakula. Kambi za kazi za Mweru na Aguthi, humu humu Nyeri, ziligeuka kuwa shule, na wanafunzi wa Mweru na wa Kangubiri wanasomea leo katika viwanja ambavyo babu zao walifungiwa.

Hivyo vyote havihesabiki moja kwa moja kuwa vitu vya kale kisheria. Mahali pa umri wowote panaweza kulindwa, lakini ni lazima kwanza pachunguzwe na kutangazwa rasmi katika Gazeti la Serikali kuwa mnara wa kihistoria. Mtaro wa kijiji cha mwaka 1955 ambao haujatangazwa, mbele ya greda ni mtaro tu. Mtu ambaye nyanya yake aliuchimba kwa mikono, mtoto akiwa mgongoni, anaona kitu kingine kabisa, lakini greda haina habari hiyo isipokuwa ameisema na ikaandikwa.

Kuna mlango mwingine wa kuingilia. Wafadhili wakubwa wa barabara wana masharti yao. Benki ya Dunia, kwa miradi inayoanza chini ya masharti yake yaliyoanza kutumika Oktoba 2018, inataka turathi izingatiwe hata kama haijawahi kulindwa kisheria wala kutambuliwa hapo awali, na inataka mkandarasi awe na utaratibu ulioandikwa wa kufuata pale kitu kinapofukuliwa bila kutarajiwa. Benki ya Maendeleo ya Afrika, iliyofadhili upanuzi wa barabara yetu ya Kenol, Sagana hadi Marua yenye kilomita 84, nayo ina masharti yake ya kulinda mazingira na jamii. Kwa hiyo swali la nani anafadhili si la siasa tupu. Jibu lake linakuambia ni kitabu kipi cha masharti unachoweza kukinukuu mkutanoni.

Pa kusema, na lini

Miradi mikubwa ya barabara hupitia tathmini ya athari kwa mazingira chini ya sheria ya mwaka 1999, na NEMA ndiyo hutoa leseni. Kanuni za mwaka 2003 zilimtaka mwenye mradi unaohitaji tathmini kamili kufanya angalau mikutano 3 ya hadhara na watu watakaoathiriwa, na kupokea maoni yao kwa mdomo au kwa maandishi. Hapo ndipo pa kusema. Kwenye mikutano hiyo watu wetu huuliza fidia, ajira za vijana na vumbi, na wana haki. Ongezeni swali la nne: mnajua kwamba pale chini ya shule palikuwa na kijiji cha dharura, au pale kivukoni wazee huokota vigae? Msiishie kusema tu. Hakikisheni katibu ameandika, kwa sababu ripoti hujengwa kwa kilichoandikwa. Kazi ndogo, kama kalavati au barabara fupi ya kijijini, hupitia ripoti fupi zaidi, na hapo mwanaakiolojia anaweza asifike kabisa. Chifu, naibu wake na wazee wa kijiji wanabaki kuwa macho pekee yaliyopo.

Kaunti ina wajibu pande zote mbili. Katiba ya mwaka 2010 imeipa kaunti barabara zake pamoja na makumbusho na shughuli za utamaduni za ngazi yake, huku minara ya kale yenye umuhimu wa kitaifa ikibaki kwa serikali kuu. Mwananchi anaweza basi kumuuliza mwakilishi wa wadi yake mambo hayo mawili katika kikao kimoja.

Watu wana hofu, na hofu hiyo ina msingi. Nikisema kuna mifupa kwangu, shamba litachukuliwa? Kuripoti kitu hakuhamishi hati ya shamba. Mahali pakipendekezwa kuwa mnara wa kihistoria, tangazo hutolewa na sheria inatoa miezi 2 ya kupinga. Mara nyingi zaidi kinachotokea ni kidogo: mtaalamu huja, hupiga picha, hupima, huchimba kidogo kwa ruhusa, hufukia na kuondoka. Hofu ya pili ni ya vijana wanaofanya kazi kwa mkandarasi, kwamba anayeripoti atalaumiwa kwa kuchelewesha kazi. Hiyo ni ya kweli kuliko ya kwanza. Ndiyo maana ni vizuri utaratibu wa vitu vinavyofukuliwa kwa bahati usomwe kwa wafanyakazi wote siku ya kwanza, kwa lugha wanayoielewa, na ijulikane msimamizi gani anapokea taarifa.

Kitu kikijitokeza kazi ikiendelea, mtambo usimame hapo, si mradi mzima. Mahali pawekewe alama na pasiguswe. Mwenye kazi au msimamizi wa eneo aambiwe mara moja. Anayegundua kitu cha kale anatakiwa na sheria kuwaarifu Makavazi ya Kitaifa ndani ya siku 7, akieleza mahali hasa na namna kilivyopatikana. Kwa sisi wa Nyeri ofisi iliyo karibu ni makumbusho ya Ruring'u, katika jengo la iliyokuwa mahakama ya Waafrika wakati wa ukoloni. Mifupa ya binadamu hupitia kwa polisi kwanza, kwa sababu hakuna mtu kando ya barabara anayeweza kujua kwa macho kama ni ya miaka 500, ya mwaka 1955 au ya mwaka jana. Katika kaunti hii jambo hilo halina mzaha. Kuna familia ambazo hazijawahi kuambiwa mtu wao aliachwa wapi.

Usioshe ulichokiokota. Usikikwangue uone kama kinang'aa. Piga picha kikiwa mahali pake, kalamu au sarafu ikiwa kando ili ukubwa uonekane, na nyingine kutoka mbali ikionyesha mti, nyumba au daraja lililo karibu. Andika tarehe, jina la shamba na kina cha shimo.

Kwa walimu wa historia wa Mukurwe-ini, kuna kazi inayoweza kufanywa likizo hii bila pesa. Kila mwanafunzi amuulize cũcũ au guka wake kĩcagi chao cha wakati wa hali ya hatari kilikuwa wapi, mtaro wake ulipita wapi, na kituo cha walinzi kilisimama wapi. Aulize pia mto ulivukiwa wapi kabla ya daraja. Majibu yachorwe kwenye ramani moja ya darasa, hata kama yanapingana, na kila alama iwe na jina la eneo na mwaka, bila majina ya watu. Nakala moja ibaki shuleni, nyingine ipelekwe kwa naibu chifu, ya tatu Ruring'u. Mwanaakiolojia atakayetumwa kuchunguza barabara ijayo ya Gakindu ataanza na karatasi hiyo.